Mpira wa rejeta baada ya kuweka injini ya 1HZ kwenye Land Cruiser FJ45

Ndugu, umeeleza kwamba umeondoa injini ya petroli ya 2F kwenye pikapu ya FJ45 uliyoachiwa na mzee wako na kuweka 1HZ ya dizeli, na kwamba injini imekaa na giaboksi imeingia, lakini hii ni wiki ya tatu unazunguka maduka ya spea na kila mpira wa rejeta (bomba la raba linalopitisha maji kati ya injini na rejeta) unaopewa haukai. Umeuliza mambo matatu: ni mpira wa gari gani utaingia, kama unaweza kutumia ule wa mikunjo unaopindika kila upande, na kama ni kweli kwamba ukitoa themostati (vali inayodhibiti joto la maji ya injini) gari halitachemsha. Nimeifanya kazi hiyo hiyo kwenye gari la aina hiyo hiyo, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona, pamoja na makosa yaliyonigharimu.

Muuza spea atakuuliza kwanza, "Gari gani?" Gari lako halina jibu la swali hilo. Ukitaja FJ45 atakuletea mpira uliopindwa kwa ajili ya 2F. Ukitaja 1HZ atakuletea wa Land Cruiser za HZJ75 au HZJ79, ambao umepindwa kufuata rejeta ya gari hilo wala si ya kwako. Mimi nilinunua yote miwili kabla sijatulia nikafikiri. Isitoshe, rejeta za magari haya ya zamani zimepita mikononi mwa mafundi wengi. Yangu ilikuwa imewahi kufumuliwa na kuchomelewa midomo mipya kwa risasi, na nilipoipima nilikuta mdomo wa juu una milimita 38 na wa chini una 44. Dukani nenda na vitu viwili tu: kipenyo cha kila mdomo, na umbo la njia inayotoka mdomo mmoja hadi mwingine.

Usipime chochote mpaka injini na rejeta zimefungwa mahali zitakapobaki. Mara ya kwanza nilipima injini ikiwa imekalia raba zake bila boliti kukazwa; ilipokazwa ilishuka, na vipimo vyangu vyote vikawa havina maana. Hakikisha pia feni imeacha nafasi mbele yake, angalau sentimita mbili hadi tatu kutoka kwenye rejeta, kwa sababu ukija kuisogeza rejeta baadaye utaanza upya. Kisha pima kipenyo cha nje cha kila mdomo kwa venia (kipimo cha kubana chenye milimita), nyuma ya ule ukingo ulioinuka mwishoni, usipime juu ya ukingo wenyewe. Mpira huuzwa kwa kipenyo chake cha ndani, na maduka mengine bado yanataja inchi. Inchi moja na nusu ni milimita 38. Mpira ukiwa mdogo kwa milimita moja utaingia vizuri ukiulowesha kwa maji ya sabuni. Ukiwa mkubwa kwa milimita tatu, usijaribu kuubana kwa klampu, maana utajikunja upande mmoja na maji yatapita hapo hapo kwenye mkunjo.

Kwa umbo, chukua waya mgumu wa kuchomelea, wa milimita tatu hivi, uupinde kutoka katikati ya mdomo wa injini hadi katikati ya mdomo wa rejeta, ukifuata njia ambayo ungependa mpira upite. Waya wa kutundikia nguo ni laini mno, na ukifika dukani utakuwa umeshabadilika. Kumbuka kwamba waya unaonyesha katikati ya mpira tu, na mpira wenyewe una unene, kwa hiyo acha vidole viwili kila upande panapopita karibu na mkanda, feni au bomba la moshi. Ukiridhika, tia alama ya rangi kwenye ncha ya upande wa injini.

Dukani omba uruhusiwe kusimama mbele ya ukuta walikotundika mipira, na usitaje gari lolote. Tafuta mpira wowote, hata wa lori, ambao ndani ya urefu wake kuna kipande kinachofanana na waya wako, vinavyozidi utakata. Hapa ndipo nilipokosea kosa la pili. Nilipata mpira ambao, nilipouweka juu ya kaunta na waya pembeni yake, pembe zote mbili zililingana kabisa. Nikalipa na kuondoka. Nyumbani nikakuta pindo la kwanza liko sawa lakini la pili linaelekea kushoto badala ya kulia. Nikaugeuza, ncha ya injini ikawa ya rejeta, na bado ulielekea kushoto. Mpira wenye mapindo mawili yasiyolala kwenye bapa moja una upande wake, kama kiatu cha mguu wa kushoto, na kuugeuza hakuubadilishi. Tangu hapo siulazi waya juu ya kaunta. Naushika sambamba na mpira hewani, nautazama kutoka juu, kisha kutoka ubavuni, na nisiporidhika kwa pande zote mbili sitoi hela yangu.

Kukata si kazi ngumu. Funga klampu kuzunguka mpira pale unapotaka kukata, kisha pitisha kisu kikali ukifuata ukingo wa klampu, na mkato utanyooka. Kila ncha ivae mdomo kwa sentimita tatu au nne, na klampu ikae nyuma ya ule ukingo ulioinuka. Usipake grisi wala oili ili mpira uteleze, kwa sababu raba ya mipira mingi ya rejeta huvimba na kulainika ikigusana na mafuta.

Mpira wa juu niliupata hivyo. Wa chini ulinisumbua, na huo ndio ninaotaka uusome kwa makini. Kwa kuwa sikupata umbo lake, niliweka kipande cha mpira laini unaouzwa kwa mita, nikaupinda taratibu mpaka ukafika. Gari likafanya kazi mjini Morogoro kwa wiki mbili bila shida. Kisha nikapakia saruji kuelekea Iringa, na nilipoanza kupanda mlima wa Kitonga mshale wa joto ukaanza kupanda nao. Nikasimama, nikafungua boneti, kila kitu kikaonekana sawa. Injini ikitulia kwa mlio wa chini mshale ulirudi, nikiendelea kupanda ulipaa tena. Mara ya tatu nilimwomba utingo akanyage mafuta gari likiwa limesimama, nami nikamulika chini kwa tochi. Mpira wa chini ulikuwa unabanwa taratibu mpaka kuta zake zikagusana, na alipoachia mafuta ukarudi kuwa mviringo. Pampu ya maji huvuta kupitia mpira wa chini, na injini ikizunguka kwa kasi mvuto huo unaweza kuulaza mpira usio na uti. Ukikagua injini ikiwa imezimwa au inanguruma taratibu hutaona kitu.

Dawa niliyoitumia mpaka leo ni bomba la chuma katikati na viungo viwili vya mpira vya nyuzi 90, kimoja kila upande, vyenye springi ya chuma kisichopata kutu ndani yake. Kwa kuwa mdomo wa chini wa rejeta ulikuwa mkubwa kuliko ule wa injini, fundi rejeta aliupunguza ili viungo vyote viwe vya kipimo kimoja. Ncha za bomba zinahitaji ukingo ulioinuka. Kama fundi hana mashine ya kuukunja, anaweza kuzungushia mstari mwembamba wa weldi na kuupiga tupa mpaka uwe laini. Bomba hilo lishikiliwe na kibano kilichofungwa kwenye injini, kamwe si kwenye chesisi. Injini hutikisika juu ya raba zake kila unapokanyaga au kuachia klachi, na kibano kikiwa kwenye chesisi mtikisiko wote utaishia kwenye viungo vya mpira.

Kuhusu mpira wa mikunjo, nisingeuweka kwenye gari la mizigo. Unafaa kukufikisha nyumbani, lakini kuta zake ni nyembamba kwenye mabonde ya mikunjo, na mtikisiko wa dizeli ya silinda sita hupasua hapo hapo. Mipira ya silikoni ni mizuri, na wanaoagiza kutoka Dubai hupata viungo vya kila pembe pamoja na vile vya kuunganisha vipenyo viwili tofauti, ila itafutie klampu zenye ukanda laini ndani, kwa kuwa zile zenye matundu huikata.

Baada ya kufunga, egesha gari likiwa limeinua pua, jaza maji na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) taratibu, iache injini izunguke mfuniko wa rejeta ukiwa wazi mpaka mapovu yaishe, kisha ufunge. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa ya baridi, kaza klampu zote tena.

Themostati usiitoe. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuibakiza hapo, na dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi inakula mafuta na kuchafua oili. Kama gari linachemsha themostati ikiwa nzima, mwite mtu akanyage mafuta, nawe umulike mpira wa chini.