Ukinunua cha Nyumbani, Lipa kwa Wakati

Mwaka 2022, bei ya petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita na mafuta ya kula yakapanda kiasi kwamba majirani zetu walianza kununua ya kupimiwa, ya kutosha mlo mmoja tu, mimi na mke wangu tulikaa mezani usiku mmoja hapa Dodoma, tukachukua daftari la hesabu la mwanetu na kuandika kila kitu tulichokuwa tumenunua mwezi ule. Hatukuwa na nia ya kutetea viwanda vya nchi. Tulitaka kujua mshahara wa ualimu unaishia wapi kabla ya tarehe 15. Lakini tulipoongeza safu ya pili, ya mahali kila kitu kilikotoka, tulinyamaza wote wawili: mafuta ya kukaangia yalikuwa ya mawese kutoka Asia, unga wa maandazi ulitokana na ngano ya kuagizwa, viatu vya shule vya watoto vilikuwa vya plastiki kutoka ng'ambo, na hata njiti za kuchokonolea meno zilikuwa zimevuka bahari.

Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzie wapi, humwambia aanze na daftari. Hamasa ya uzalendo hupoa baada ya wiki mbili, lakini safu ya pili ya daftari hukuonyesha shilingi yako inakwenda kwa nani, na ukishaiona huwezi kujifanya hukuiona.

Sisi tulianza na mafuta, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakituumiza zaidi. Aprili mwaka ule Indonesia ilizuia kwa wiki kadhaa kuuza mafuta ya mawese nje ya nchi yake, na Ukraine, ambayo ni muuzaji mkubwa wa mafuta ya alizeti duniani, ilikuwa vitani. Kikaango chetu kilikuwa kinasubiri uamuzi wa watu wasiojua kwamba tupo, ilhali malori ya alizeti kutoka Singida yanapita barabara kuu ya hapa mjini kwetu kila msimu. Nilipokwenda likizo nyumbani, nilipita kwenye mashine ya kukamua ya mtu tuliyesoma naye shule ya msingi. Mbegu humiminwa juu, upande mmoja hutoka mashudu yaliyobanwa yakikatika vipande vyembamba kama vigae vya chungu, na chini hutiririka mafuta mazito yenye rangi ya asali, yakiwa bado ya moto. Huchujwa, kisha huachwa yatulie mpaka mashapo yakae chini. Nilisimama pale saa nzima nikitazama, mimi niliyezaliwa mkoa huo.

Yapo mambo niliyojifunza kwa hasara, na ningependa wewe uyapate bila hasara. Usinunue mafuta yaliyopangwa juani kando ya barabara kwenye chupa zinazopitisha mwanga, kwa sababu jua na joto huyaharibu na utayasikia yakinuka ukakasi kabla hujamaliza chupa, halafu utasema alizeti ni mbaya. Nunua wakati wa mavuno, kuanzia Mei hadi Julai, bei inapokuwa chini, na uyahifadhi mahali penye giza na ubaridi, kwenye dumu safi lililokauka kabisa. Yakiwa hayajasafishwa kiwandani yanaweza kutoa povu kikaangoni. Yapashe moto taratibu mpaka povu litulie ndipo uweke kitunguu. Mwaka wa kwanza sikujua hili, na mke wangu alikaribia kuyarudisha yote.

Nilichokipenda zaidi kuliko nafuu ya bei ni kuona pesa ile inavyozunguka. Mkulima analipwa kwa gunia, kijana wa mashine analipwa kwa siku, na mashudu yanayobaki yananunuliwa na mfugaji wa kuku ambaye trei zake za mayai ninazikuta tena sokoni kwetu Majengo. Shilingi ileile, nikiitumia kwa kidumu cha mafuta kutoka mbali, wangefaidi kidogo tu msafirishaji na mwenye duka.

Kuhusu kifungua kinywa sina mengi ya kusema: viazi vitamu, mihogo na magimbi vilikuwepo siku zote, na watoto walilalamika siku tatu tu.

Jambo ninalotaka hasa kulisema linahusu viatu, na ni gumu kwangu. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, nasi tunawavalisha watoto plastiki inayopasuka kabla ya muhula kwisha. Kwa hiyo nilimwendea fundi wa mtaani kwetu anayeshona viatu vya ngozi, nikaagiza jozi mbili, nikamsifu mbele ya walimu wenzangu, nikamtumia wateja. Viatu vilikuwa imara, mshono wake umenyooka, soli imegundishwa na kushonwa pia. Nililipa nusu, nikaahidi kumaliza mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi nililipa marejesho ya mkopo wa benki, nililipa kisimbuzi, nililipa bando la simu, kwa kuwa hao wote wakikosa pesa hukata huduma siku hiyohiyo. Fundi hakatizi chochote. Alinisalimu kila asubuhi, "Shikamoo mwalimu", nami nilimwitikia na kupita. Miezi mitatu. Wateja niliompelekea walifanya vilevile, na yeye hakuwa na pesa ya kununua ngozi nyingine. Siku moja nilikuta kibanda kimefungwa.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba anayemkopa fundi wa kwao na kumcheleweshea ni afadhali angenunua cha nje kwa pesa taslimu. Tunasema mcheza kwao hutunzwa, na ni kweli, lakini tunzo hutolewa ngoma ingali inapigwa. Kumbembeleza mtu apunguze bei mpaka faida yote iishe, kisha ukamlipa kwa awamu unazozipanga mwenyewe, hilo ni kumla mtu mtaji wake, hata kama umemsifu kote mjini. Kwa hiyo ushauri wangu wa pili, ambao kwangu ni mzito kuliko wa daftari, ni huu: andika madeni unayodaiwa na watu wadogo, yaani fundi cherehani, muuza maziwa, mama wa mboga na seremala, uyalipe kabla ya yale yenye sauti kubwa. Dawa ya deni ni kulipa, na deni la mtu mnyonge ndilo lenye haraka zaidi.

Baba yangu, ambaye alikuwa kijana wakati wa Vita vya Kagera, huwa hachangamki nikizungumzia bidhaa za nyumbani. Baada ya vita kwisha mwaka 1979, Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18, na mkanda ukabaki umefungwa kwa miaka. Baba anakumbuka foleni za maduka ya kaya na kufua kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na anakumbuka vitu vya hapa nchini vilivyoharibika upesi kwa sababu viwanda havikuwa na fedha za kigeni za kununulia vipuri. "Mwanangu," aliniambia, "sisi tulinunua cha nyumbani kwa sababu hapakuwa na kingine. Wewe una la kuchagua, basi chagua kizuri." Namheshimu kwa neno hilo. Mnunuzi ana wajibu, na muuzaji pia anao. Kidumu chenye mashapo nusu nakirudisha, na ninamweleza mwenye mashine kosa lake ana kwa ana badala ya kunyamaza na kuhamia kwingine, kwa kuwa kunyamaza kwangu hakumfundishi. Wala usidanganywe na namba 620 mwanzoni mwa msimbo wa mistari. Hiyo huonyesha namba imesajiliwa nchi gani, lakini haithibitishi bidhaa ilitengenezwa wapi. Soma maandishi yenyewe, au muulize muuzaji.

Sisemi kila kitu kinunuliwe hapa. Familia ambayo haijui itakula nini jioni isibebeshwe lawama ya kununua cha bei ya chini kutoka popote. Mzigo huu uanze kwetu sisi wenye mshahara, hata kama ni mdogo, kwa kuwa tuna uhuru fulani wa kupanga.

Fundi wangu nilimpata mwezi uliopita, upande mwingine wa mji. Anauza viatu vya plastiki alivyochukua kwa mkopo wa jumla, na nyuma yake, kwenye rafu, vile vibao vya umbo la mguu bado vimepangwa kwa ukubwa, vikiwa na vumbi. Nililipa deni langu mbele ya mke wake na nikaomba radhi. Nilimuuliza kama atashona tena, akanijibu kwamba akipata watu watatu wa kutanguliza nusu anaweza kununua ngozi ya kuanzia. Nilimtangulizia bei yote ya jozi mbili, namba 36 na 38, na kesho yake nikarudi na walimu wawili, kila mmoja na pesa yake mkononi.