Mita Isiyojibu Haijafungwa

SWALI: Mimi ni fundi umeme katika kiwanda kidogo huku Pongwe, Tanga. Tuna mita ya umeme ya kielektroniki yenye anwani 5 na inveta (kifaa cha kuongoza mota) ya pampu ya maji yenye anwani 1, zote mbili kwenye kebo moja ya mawasiliano ya RS-485. Hakuna PLC (kompyuta ya kuendeshea mitambo) kwenye kebo hiyo. Menyu ya mita inaonyesha kasi ya mawasiliano ya 9600 na kwamba hakuna pariti (biti ya kukagua makosa), na inveta nimeiweka hivyo hivyo. Nikijaribu kuisoma mita kutoka kwenye kompyuta ya Linux kwa mbpoll, programu ya bure ya kuzungumza na vifaa vya Modbus, kila mara najibiwa kwamba muda wa kusubiri umekwisha. Fundi mmoja amenieleza kuwa mita imefungwa na watengenezaji wake, na kwamba anayo programu ya kuifungua kwa shilingi laki tatu na nusu. Ameniambia pia niongeze tarakimu 1 mwishoni mwa amri ili kuiamsha. Amri yangu sasa ni hii: mbpoll -m rtu -r 1 /dev/ttyUSB0 1. Je, nimlipe?

JIBU: Usimlipe, ndugu yangu. Na kabla hujaendelea kusoma, ifute ile tarakimu 1 iliyo mwishoni mwa amri yako. Nitaieleza hapo chini, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine waliotangulia kuandika.

Neno "imefungwa" nalisikia karibu kila wiki hapa Tanga, tangu viwandani hadi kwenye vibanda vya mafundi wa Ngamiani, na kila ninapolisikia najua kuna mtu anayekaribia kutoa pesa kwa ajili ya kufuli ambalo halipo. Itifaki ya Modbus, yaani lugha ambayo mbpoll hutumia kuzungumza na mita na inveta yako, ilitolewa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon ya Marekani kwa ajili ya PLC zake, wakati ambapo mtu aliyeweza kuigusa kebo ya mitambo alikuwa ni mfanyakazi aliyekwisha kupita getini. Kwa hiyo ujumbe wake ni mfupi mno: baiti moja ya anwani ya kifaa, baiti moja ya namba ya kazi inayoombwa, data yenyewe, na baiti mbili za kuhakikisha kuwa ujumbe haukuharibika njiani. Hakuna baiti ya jina la mtumiaji wala ya neno la siri. Neno la siri unaloulizwa ukibonyeza vitufe vya mita hulinda menyu ya mipangilio, na neno la siri la PLC hulinda programu iliyoandikwa ndani yake. Kusoma kwa Modbus rejista ya volti (rejista ni kijisanduku cha kumbukumbu chenye namba yake ndani ya kifaa) ni jambo jingine, na anayeyachanganya mambo haya ama hajui kazi ama anakudanganya.

Kitu ambacho wauzaji wa programu za kufungulia hawakwambii ni kwamba kifaa cha Modbus kinapokataa ombi, husema. Ukikiomba rejista ambayo hakina, kinakurudishia namba ya kazi uliyoomba ikiwa imewekewa alama ya kosa, ikifuatiwa na namba ya sababu: 1 maana yake ni kwamba kazi hiyo hakiifahamu, 2 ni kwamba anwani ya rejista haipo, 3 ni kwamba thamani uliyotoa haikubaliki. Jibu la namna hiyo ni habari njema, kwa sababu linathibitisha kuwa waya, kasi, pariti na anwani vyote viko sawa na umebakiza kurekebisha ombi lenyewe tu. Ukimya ni habari nyingine kabisa. Kanuni za Modbus zinakitaka kifaa kinyamaze ujumbe unapokifikia ukiwa umeharibika au ukiwa na anwani isiyo yake. Kwa hiyo ukiona muda wa kusubiri umekwisha, mita haijakukatalia. Mita haijakusikia, au wewe hujaisikia.

Kwa upande wako sababu inaonekana wazi kwenye amri uliyoniletea. Hukuandika kasi wala pariti, na mbpoll isipoelezwa hutumia kasi ya 19200 na pariti shufwa, ilhali umesema mwenyewe kuwa mita iko kwenye 9600 bila pariti. Hukuandika anwani pia, na isipoelezwa anwani huchukua 1. Yaani muda wote huo hukuwa ukizungumza na mita bali na inveta, tena kwa kasi isiyo yake. Iandike hivi:

mbpoll -m rtu -a 5 -b 9600 -P none -t 4 -r 1 -c 2 -1 /dev/ttyUSB0

Hapo umeomba rejista mbili kuanzia ya kwanza, kwa anwani 5, usomaji wa mara moja. Ikiwa kitabu cha mita kinasema vipimo viko kwenye rejista za kuingiza (input registers), badilisha -t 4 iwe -t 3. Ikiwa kitabu kinahesabu rejista kuanzia sifuri, ongeza -0, la sivyo utajikuta kila mara unasoma jirani ya ile uliyoikusudia. Na kompyuta ikikukatalia ruhusa ya kufungua ttyUSB0, hilo ni la kompyuta yenyewe: mtumiaji wako hajaingizwa kwenye kundi lenye ruhusa ya kutumia poti hizo, ambalo kwenye Ubuntu na Debian huitwa dialout.

Ikibaki kimya hata baada ya hapo, weka kompyuta kando ushike bisibisi. Watengenezaji hawakukubaliana juu ya majina ya terminali za RS-485. A ya mmoja ni B ya mwingine, na kubadilishana waya hizo mbili hakuunguzi kitu, kwa hiyo jaribu bila woga. Kisha zima umeme wa vifaa vyote vilivyo kwenye kebo hiyo, upime kwa multimita kati ya A na B. Kebo iliyowekewa rezista ya omu 120 katika kila ncha itakuonyesha kama omu 60. Ukiona 120, ncha moja haina rezista. Ukiona kumi au ishirini, kuna mahali waya zimegusana au kila kifaa kimewekewa rezista yake. Na kwa kuwa tuko pwani, legeza skrubu uutoe waya nje uutazame vizuri, usiridhike kwa kuuona umekaa mahali pake. Hewa yetu ya chumvi hufanya shaba iote kutu ya kijani ndani ya terminali ambayo kwa nje inang'aa.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye kiwanda kimoja cha mkoa huu, nikaoneshwa kabatini mita tatu ambazo kila moja ilikuwa imebandikwa karatasi iliyoandikwa "imefungwa". Zilikuwa zimenunuliwa nyingine badala yake. Nilizichukua moja baada ya nyingine hadi mezani nikaziunganisha na adapta yangu. Ya kwanza ilijibu mara moja nilipobadilishana A na B. Ya pili ilikuwa na anwani 17, wakati kila mtu alikuwa akiiita kwa anwani 1. Ya tatu ilikuwa na waya uliooza kwa kutu hiyo niliyoisema, nikaukata sentimita mbili, nikaumenya upya, nayo ikajibu. Mita tatu nzima, pesa za mwenye kiwanda, na hakuna aliyewahi kufungua kitabu cha maelezo kilichokuwa kwenye boksi lile lile.

Sasa ile tarakimu 1. Katika mbpoll, -1 yenye kistari maana yake ni "soma mara moja kisha uache". Tarakimu 1 isiyo na kistari, ikiwekwa baada ya jina la poti, si chaguo bali ni thamani ya kuandikwa. Programu haikuulizi kama una hakika. Ikiona namba yoyote mahali hapo inaacha kusoma na inaituma ikaandikwe kwenye rejista uliyoitaja. Amri uliyopewa ya "kuiamsha mita" ilikuwa ikiiambia inveta ya pampu iandike 1 kwenye rejista yake ya kwanza. Katika inveta nyingi amri ya kuwasha na kuzima mota hukaa kwenye rejista za aina hiyo hiyo, na namba yake hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Wewe hukujua iliyo namba 1 inafanya nini, na aliyekushauri hakujua pia. Kilichokuokoa ni kwamba kasi ilikuwa mbaya, hivyo inveta haikuelewa ujumbe. Lau ungerekebisha kasi na ukaiacha tarakimu hiyo, huenda pampu ingewaka mwenzako akiwa ameweka mkono kwenye kaplingi, kiungo cha mota na pampu. Hili ndilo linaloniudhi kuliko laki tatu na nusu.

Naomba kila fundi anayesoma hapa azoee jambo hili: amri ya kusoma na amri ya kuandika zinatofautiana kwa herufi moja au tarakimu moja, na kifaa hakitofautishi mwenye nia njema na mwenye kubahatisha. Andika amri, soma mwisho wake mara mbili, ndipo ubonyeze. Kuandika kufanyike mota ikiwa imetengwa na umeme kwa swichi yake, swichi imefungwa kwa kufuli la chuma, ufunguo uko mfukoni mwako, na kitabu cha kifaa kimefunguliwa mbele yako kwenye ukurasa wa rejista hiyo. Na wale ambao kebo yao tayari ina PLC wasichomeke kompyuta juu yake mitambo ikiwa kazini, kwa sababu Modbus ya kebo, ile inayoitwa RTU, inataka muulizaji mmoja tu. Wakiwa wawili ujumbe hugongana, na PLC inaweza kuona pampu imepotea.

Yupo pia ndugu wa huyo muuzaji wa kufuli, ambaye husubiri mita ianze kujibu ndipo akwambie kuwa data "imefichwa kwa siri". Utaona rejista mbili zimeleta 17254 na 0, uchanganyikiwe, naye atakupa bei. Hiyo si siri. Rejista moja ni biti 16, na namba yenye desimali huhitaji biti 32, kwa hiyo mita huigawa katika rejista mbili. 17254 ikifuatiwa na 0 ni volti 230 kamili. Tumia -t 4:float, uongeze -B kwa kuwa sehemu kubwa imetangulia, na volti zako utaziona kama zilivyo.

Nimeeleza kwa urefu kwamba kufuli halipo, na jambo hilo lina upande wake wa pili. Baadhi ya hao wanaouza programu za kufungulia huwaahidi wenye viwanda kwamba wataona mitambo kwenye simu wakiwa nyumbani, kisha huingia kwenye ruta na kufungua lango namba 502, ambalo ndilo la Modbus ya mtandao, kuelekea moja kwa moja kwenye PLC. Tangu dakika hiyo yeyote duniani anayeifikia anwani hiyo ya intaneti anaweza kusoma na kuandika kama ulivyokuwa ukifanya wewe, kwa programu hii hii ya bure. Januari 2024 katika mji wa Lviv, Ukraine, programu hasidi iliyopewa jina la FrostyGoop ilituma amri za Modbus kwa vidhibiti vya mfumo wa kupashia nyumba joto, na majengo ya makazi zaidi ya 600 yakakaa kwenye baridi kwa karibu siku mbili. Wahalifu walipokwisha kuingia kwenye mtandao, itifaki yenyewe haikuwa na swali la kuwauliza. Toleo la Modbus lenye usimbaji na vyeti lilitangazwa mwaka 2018 na hutumia lango 802, lakini mita na inveta nyingi zilizopo viwandani mwetu hazilifahamu.

Kwa hiyo mwenye kiwanda chako akitaka kuona matumizi ya umeme kwenye simu, weka kompyuta ndogo ndani ya kiwanda iwe inasoma mita na kuhifadhi namba, na atakayetaka kuziona aingie kwa VPN (njia iliyofichwa ya kupita intaneti) na aishie kwenye kompyuta hiyo, asiifikie kebo. Na ikiwa yule fundi wa laki tatu na nusu alikwisha kugusa ruta yenu, ifungue leo utazame orodha ya malango yaliyoelekezwa ndani; ukiikuta 502, ifute, ubadilishe neno la siri la ruta, kisha uniandikie mita imesoma volti ngapi.