Kisu cha kambini: panga unalo, usinunue jingine

Ushauri mwingi wa visu vya kambi uliopo mtandaoni umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanataka kisu kimoja kiangushe mti, kipasue kuni na kimenye vitunguu, ndiyo maana wanasifia bapa refu na nene. Sisi wa Dodoma tuna panga. Lipo karibu kila nyumba, na kwa mgunga mkavu hakuna kisu kitakacholishinda. Liache lifanye kazi yake, wewe tafuta kisu kidogo.

Kidogo maana yake bapa la sentimita 10 hivi, lisipite 12, na mgongo wa milimita 3 au pungufu. Ukipiga kambi Kondoa upande wa michoro ya miambani ya Kolo, au kwenye vilima vya Mpwapwa, utagundua muda mwingi kisu kiko jikoni. Bapa nene halikati kitunguu, linakipasua. Na kama mmepitia mnadani Msalato mkabeba mbuzi, hapo ndipo kisu chembamba chenye makali yaliyopinda kidogo kuelekea nchani kinapolipa: kinachuna bila kutoboa ngozi.

Cha kukunja? Mjini sawa. Porini mafuta ya nyama na vumbi letu vikishaingia kwenye bawaba, utakosha mpaka uchoke na bado kitanuka. Kisichokunjwa unakisuuza, unakifuta, umemaliza.

Ukikishika dukani, angalia kwanza chuma kinaingiaje kwenye mpini. Bora ni kile ambacho unaona ukingo wa chuma ukipita hadi kitakoni, vipande vya mpini vimebanwa kwa ribiti. Si sheria ya Musa, lakini. Visu vya Mora vya Sweden vingi chuma chake kimefichwa ndani ya mpini wa plastiki, na ni vyepesi, vinakata vizuri, bei yake haitishi. Ukikutana nacho, chukua.

Kuhusu kutu, mimi nasimama upande wa chuma cha kaboni, kile kinachoshika kutu usipokifuta. Hewa yetu ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, hofu ya mtu wa Tanga si yetu. Kinanoleka upesi kwenye kinoo cha kawaida. Kitapata madoa meusi ukikata ndimu au nyanya. Hayo si ugonjwa. Asiyependa kufutafuta anunue kisichoshika kutu, ila ajiandae kunoa kwa subira zaidi.

Mhunzi naye usimdharau. Springi ya gari ni chuma kizuri cha kisu, mradi kimepikwa sawasawa, yaani kimepashwa moto na kupozwa mpaka kikawa kigumu. Beba tupa ndogo, iguse taratibu kwenye makali: ikiteleza, chuma ni kigumu; ikiuma na kutoa unga, kisu hicho kitakuwa butu kabla nyama haijaiva. Tazama pia kama makali yana rangi ya buluu. Hiyo ni alama kwamba grainda ilikichoma kikapoteza ugumu wake, na kukinoa hakutaurudisha.

Mpini wa mbao hapa hukauka ukasinyaa, ribiti zikaanza kucheza. Upake mafuta mara moja moja. Ya alizeti yanafaa, kidogo tu halafu ufute, maana yakizidi yananata. Mpini mweusi au wa kijani siupendi hata ukiwa wa bure: kisu kikianguka kwenye nyasi jioni, mnageuka watafutaji. Rangi ya chungwa au nyekundu inaonekana. Kama ni mweusi, funga kamba nyekundu.

Ala ya ngozi ni nzuri kiunoni, lakini usikilaze kisu cha kaboni humo kwa miezi. Ngozi hushika unyevu, na kutu itaanzia hapo hapo hata Dodoma. Nyumbani kifunge kwenye kitambaa chenye mafuta.

Halafu kuna suala la mageti. Kwenye pori la akiba kama Swagaswaga, au hifadhi yoyote ya taifa, kukutwa na silaha bila kibali ni kosa, na panga na kisu mara nyingi huhesabiwa humo. Vitaje mwenyewe getini kabla ya kukaguliwa, uulize utaratibu wao. Njiani viwe ndani ya begi kubwa, ndani ya ala, chini ya sufuria.