Majibu ya akina mama wa omena yamenishinda kuingiza

SWALI: Salamu, Mwalimu. Nasomea diploma ya maendeleo ya jamii hapa Kisumu. Nimewahoji wachuuzi 86 wa omena, yaani dagaa wa ziwani, wengine ufuo wa Dunga, wengine soko la Kibuye. Swali langu kuu lilikuwa: "Ni shida gani zinazokukwamisha katika biashara hii?" Nikawaacha wajieleze. Sasa nina majibu marefu, mengi kwa Kijaluo, na msimamizi wangu anataka asilimia. Anasema ningetumia maswali funge, yale yenye orodha ya majibu ya kuchagua, tangu mwanzo. Nirudi niwahoji upya? — Msomaji, Nyalenda

JIBU: Binti yangu, usirudi bado. Asilimia anazotaka msimamizi wako zimo humo humo kwenye karatasi zako.

Chagua hojaji kama 30, za Dunga na za Kibuye zikiwa zimechanganyika, ukae nazo bila kompyuta. Soma kila jibu, kisha pembeni andika kwa penseli mama huyo anasema nini. Yanayofanana utayaona yenyewe. Kila fungu lipe msimbo, yaani namba itakayosimama badala ya jibu, na uufungulie daftari: jina la msimbo, nini kinaingia, nini hakiingii, na mfano mmoja wa maneno ya mhojiwa mwenyewe. Wanafunzi wengi huandika jina tu wakaruka maelezo. Hapo ndipo kazi inapoharibikia.

Nilijifunza hilo kwa mvua. Nilikuwa naingiza data za utafiti mmoja wa masoko, na msimbo namba 4 ulikuwa "Mvua". Siku moja nikakutana na hojaji mbili zimefuatana. Mmoja alisema mvua ikinyesha omena haikauki, inabidi awauzie wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Wa pili alisema mvua ikinyesha soko linakuwa matope, wateja hawaingii. Wote nilikuwa nimewapa 4! Wa kwanza anahitaji vichanja na turubai, wa pili anahitaji mitaro. Niliugawa msimbo ule mara mbili, nikarudia hojaji zote kuanzia ya kwanza. Ilinichukua siku mbili na sijutii hata saa moja.

Aliyejibu "koth" (mvua) tu akanyamaza, usimkisie. Mpe msimbo wake, "mvua, haikuelezwa". Safari nyingine muulize papo hapo: inakuumiza vipi? Na yale maneno ya Kijaluo yaingize kama yalivyo, tafsiri ikae safu ya pili.

Kwa kuwa mama mmoja anaweza kutaja mvua, mtaji na usafiri kwa pumzi moja, usimchagulie shida moja. Kila msimbo uwe na safu yake: 1 kama ameutaja, 0 kama hakuutaja. Asilimia zikijumlishwa zitapita 100, na ripoti yako iseme hivyo wazi. Asiyejua mpe 98, asiyejibu 99, ila kwenye maswali ya umri au kilo tafuta namba ambayo haiwezi kuwa jibu la kweli. Mwisho, mpe mwenzako darasani hojaji 20 na daftari lako, asione misimbo uliyoweka. Mnapotofautiana, rekebisha maelezo.

Kuhusu maswali funge, msimamizi ana haki kwamba ni mepesi kuhesabu. Lakini orodha ya majibu humwekea mtu maneno mdomoni. Baada ya uchaguzi wa rais wa Marekani wa 2008, Pew Research Center, shirika la utafiti la huko huko, iliwauliza wapiga kura ni suala gani lililowasukuma zaidi. Miongoni mwa waliosomewa majibu matano wachague, asilimia 58 walisema uchumi. Miongoni mwa walioachwa waseme wenyewe, asilimia 35 tu walisema uchumi, na asilimia 43 walitaja mambo ambayo hayakuwa kwenye orodha kabisa. Kwa hiyo misimbo yako ya sasa ndiyo itakayokuwa orodha ya majibu ya hojaji yako ijayo, pamoja na "Nyingine, taja". (Umri usiandike 18–25 kisha 25–35. Mwenye miaka 25 atawekwa wapi?)

Kuna jibu moja ninaloliogopea. Bila shaka wapo waliokwambia kwamba wavuvi wana masharti yao. Ni rahisi sana kulitupa chini ya "upatikanaji wa samaki" pamoja na waliosema ziwa limepungua samaki. Tafadhali usifanye hivyo. Wewe ni wa hapa, unajua jaboya ni nini, mvuvi kumpa mama samaki kwa sharti la kulala naye, na unajua mama anapoinamisha macho akisema "masharti" anazungumzia mwili wake. Huyo apewe msimbo wake peke yake, hata wakiwa watatu tu kati ya 86. Jina lake lisionekane popote kwenye jedwali, wala ufuo wake usitajwe kando ya jibu hilo. Katika orodha ya majibu ya kuchagua, nani angeliweka? Na kama lingekuwepo, nani angelichagua huku wenzake wakisikiliza?