Nairobi sina baraza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa mtaa wa Langoni, Lamu, kazi imenileta Nairobi, huu ni mwezi wangu wa nne huku. Mchana ofisini, usiku simu. Nyumbani baada ya isha nilikaa barazani nikiwasikiliza wazee wakibishania ubeti mmoja mpaka birika la kahawa likauke. Huku naambiwa shughuli za kuchangamsha akili ni tele, ila sijui nianzie wapi, na naogopa kuonekana mshamba.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi wa Mkomani, mtaa wa watani wenu hapa Lamu, lakini hata mtu wa Langoni hujibiwa.

Wewe hukukosa burudani, umekosa watu wa kubishana nao. Basi shughuli ya kukaa gizani, kupiga makofi na kwenda kulala haitakutosha. Tafuta pale ambapo kipaza sauti hupewa wasikilizaji pia.

Anzia karibu na msikiti. Ukitoka kuswali Jamia, jirani yake ni Maktaba ya McMillan, ile yenye simba wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia hadi 1958. Leo ni yako. Muulize mkutubi kuna mazungumzo gani mwezi huu, na wapi. Nyaraka za Taifa nazo hazipo mbali. Ghorofa ya chini utaona vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, makamu wa rais wa 1966. Huko nenda na mwenzako, maana vinyago havijibu.

Goethe-Institut na Alliance Française wana filamu na maonyesho, mengi hayana kiingilio. Septemba kwa kawaida kuna maonyesho ya vitabu Sarit Centre: wazazi husongamana kwenye vitabu vya shule, wewe nenda moja kwa moja kwa wachapishaji, uwaulize wana tenzi gani.

Ningekuchagulia moja, ingekuwa Macondo, tamasha la fasihi lililoanza 2019 pale Kenya National Theatre. Mwaka ule walialikwa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kireno. Sisi Wareno twawajua kwa mizinga, na kwa ile nguzo ya Vasco da Gama kule Malindi. Kumsikia Mwafrika akiidai lugha hiyo kuwa yake ni jambo la kukukosesha usingizi, na mimi usingizi wa namna hiyo sijutii kuukosa.

Sasa huo ushamba. Mwaka mmoja nilikwenda Nairobi kwa semina, jioni nikaingia kwenye mhadhara wa ushairi wa kale. Msomi mmoja, suti safi, akasoma ubeti wenye neno “mato”, akasema bila shaka mnakili alikosea, alikusudia “moto”. Ukumbi mzima ukaandika. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na buibui langu, na mfuko wa mahamri miguuni. Nikanyoosha mkono. Nikasema mato ni macho, na asubuhi ileile mamangu alikuwa amenipigia simu kulalamika mato yanamuuma. Wakacheka, naye msomi akacheka, akafuta ubaoni. Baadaye watu watatu walinifuata mlangoni, na mmoja wao mpaka leo hunitumia beti anazokwama.

Kwa hiyo keti safu za mbele, na Kiamu chako, lahaja yetu ya Lamu, usikiache nyumbani. Ukija Lamu kwa Maulidi ya msikiti wa Riyadha pita kwangu, unisomee uliyoandika. Kahawa ipo, na wabishi wa Mkomani wapo.