Bodaboda aliyejificha nyuma ya nguzo

Mwaka juzi, nikiingia kipilefti karibu na nyumbani, nilitazama kulia, nikaona peupe, nikaachia breki. Bodaboda akachomoza mbele ya boneti kama aliyezuka ardhini. Hatukugusana. Alinipa maneno yangu, nikayapokea.

Hakuzuka. Alikuwa nyuma ya nguzo inayoshika kioo cha mbele upande wa dereva. Mwendo wake na wangu ulioana, basi kila niliposogea naye alisogea, akabaki mle mle kwenye kificho.

Nilipolichimba jambo hili nikakutana na Volvo SCC, gari la majaribio lililoonyeshwa Detroit mwaka 2001. Nguzo zake za mbele hazikuwa kipande kizima cha chuma: zilikuwa fremu yenye matundu yaliyozibwa kwa plastiki ngumu ya kuona ng'ambo. Halafu kulikuwa na kitambuzi kilichotafuta macho ya dereva yalipo, kiti na usukani vikajisogeza mpaka macho yafike mahali pazuri pa kuona. Hilo ndilo lililonikaa. Mimi kiti nilikuwa nakipanga kwa ajili ya miguu na mgongo tu, macho sikuwahi kuyafikiria.

Gari hilo halikuuzwa. Umbo lake la nyuma lilikuja kuonekana kwenye C30, gari la Volvo lililouzwa baadaye, lakini nguzo zile ziliishia kwenye maonyesho. Na kwenye magari mengi nguzo zimezidi kunenepa, maana ndizo zinazobeba paa gari likipinduka. Kinachomlinda aliye ndani ndicho kinachomficha wa nje!

Kwa hiyo ukienda kununua gari la mtumba, usianze na rangi wala redio. Kaa, panga kiti kwa urefu wako, kisha mwombe mwenzako atembee taratibu kutoka kulia kwenda kushoto mbele ya gari. Angalia anapotelea wapi, na kwa hatua ngapi. Dalali atacheka, mwache acheke. Kama kiti kinapanda na kushuka, kijaribu kote, utashangaa tofauti.

Gari ulilonalo tayari je? Kabla ya kuingia barabarani mimi huinama mbele, kisha narudi nyuma, nichungulie pande zote mbili za nguzo. Mke wangu anasema nafanana na kuku akitembea. Wiki iliyopita nikichungulia hivyo pale pale kipilefti, alikuwepo mwingine, tena kapakia abiria wawili.