Tumbo la mtoto likiuma, mtazame na miguu

Mwanangu alikuwa na miaka sita. Alikuwa ametoka tu kuugua mafua tumbo lilipoanza. Linamkata, anajikunja, linaachia, anarudi kucheza. Tukampa dawa ya minyoo. Siku ya nne tukaambiwa ni taifodi. Siku ya sita, nikimwogesha, ndipo nikaona makalioni na mapajani alama za zambarau zilizoinuka kidogo, kama damu imevilia chini ya ngozi. Vifundo vya miguu navyo vimevimba.

Ni vaskulitisi ya IgA. Wengi bado huiita Henoch-Schönlein, kwa majina ya madaktari wawili wa Ujerumani wa karne ya 19. Kingamwili za IgA, yaani aina moja ya protini za kinga ya mwili, hung'ang'ania kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, mishipa inavimba na kuvuja. Ngozini unaona alama. Tumboni huoni kitu, ilhali kuvuja ni kule kule. Na tumbo laweza kutangulia alama hata kwa wiki mbili. Laiti ningejua hilo siku ya kwanza!

Tuliambiwa watoto wengi hupona wenyewe baada ya wiki chache. Ni kweli, lakini mimi nililala juu ya neno hilo. Usiku mmoja maumivu yakakataa kuachia. Akatapika nyongo, akaenda choo chenye damu na ute. Ultrasaundi ikaonyesha utumbo umeingia ndani ya utumbo, kama mkono wa shati uliogeuzwa nusu. Daktari wa upasuaji alinieleza kwamba damu ikivilia kwenye ukuta wa utumbo hufanya uvimbe, na utumbo unaposukuma chakula huuvuta uvimbe huo pamoja nao. Katika ugonjwa huu mara nyingi hutokea kwenye utumbo mwembamba pekee, ambako hewa inayopulizwa kupitia njia ya haja kubwa ili kuurudisha utumbo mahali pake haifiki vizuri. Alipasuliwa usiku ule ule. Utumbo ulikuwa bado hai, haukukatwa.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, mtoto akilalamika tumbo, mvue nguo. Kwenye ngozi nyeusi alama hujificha: washa tochi, papasa kwa vidole, kandamiza kwa glasi ya kioo uone kama hazififii. Ukiziona, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na chunguza choo chake kila mara. Choo cheusi kama lami nacho ni damu. Akitapika kijani, au tumbo likiwa gumu, usisubiri asubuhi, omba ultrasaundi. Ibuprofeni, dawa ya maumivu, usimpe bila kumuuliza daktari, maana inaweza kuongeza kutokwa damu tumboni na kuumiza figo.

Figo nazo huguswa, mara nyingi bila dalili. Steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, zilimtuliza tumbo, lakini hazizuii hilo, ndiyo maana mkojo hupimwa kwa miezi sita hivi hata kama mtoto anaruka ruka. Wa kwangu mwezi wa tatu ulionyesha protini kidogo. Mwezi wa tano haikuwepo, na bado kijichupa kimoja cha mkojo cha kupima.